Kisogo

Sikuwahi kukiona kisogo changu
hadi Februari hii, na miaka yangu hamsini na minane,
jikoni kwetu Chiatura, saa tano usiku,
Zurabi akikoroma chumba cha pili
na weusi wa mgodi bado umemganda kwenye kope.

Kamera aliileta Eteri wa ofisi ya elimu,
kidude tu, mfano wa kiberiti.
Akaipachika juu ya kabati la ramani, nyuma kabisa,
akasema, "Isahau, kama haipo."
Nani husahau jicho?
Nilivaa sweta la kijani, lile la harusi za watu,
nikaandika ubaoni mwandiko wa kuombea kazi.
Dakika ya kumi nikaisahau kweli.

Basi huyu ndiye mimi:
bega moja juu, chaki kwenye nywele,
nabishana na ubao
kama jirani asiyelipa deni.
Walisema akupaye kisogo si mwenzio.
Nami tangu Septemba nimewapa watoto hawa kisogo
nikidhani nawapa sehemu.

Eteri alisema, "Hesabu maswali yako."
Nikavuta bakuli la jozi.
Kila swali, jozi moja mezani.
Arobaini na moja.
Kisha nikatenga yale waliyoyajibu wao:
jozi nne.
Mengine nilijijibu mwenyewe,
nikajisifu, "Vizuri sana,"
nikafuta ubao.

Halafu Bachuki.
Dawati la karibu na jiko la kuni.
Daftarini mwangu nimemwandika: mtulivu, hana la kusema.
Nauliza, robo na theluthi, ipi kubwa?
Anainua kidevu. Midomo inaachana polepole,
kama mlango unaosukumwa na mgeni
asiyejua kama ndani kuna mbwa.
Sekunde moja.
Na nusu.
Sauti yangu inapita, inaubamiza.

Nikarudisha nyuma. Akafungua. Nikafunga.
Nikarudisha.
Mara tisa nilimfungia yule mtoto
hadi chai yangu ikaota ngozi.

Kesho yake niliuliza lilelile,
mikono nyuma, kidole kikibana kidole.
Moja. Mbili.
Kuni zikapasuka jikoni.
Tatu. Nje, gari la waya likalalamika kupanda mlima.
Nne. Nutsa akanitazama
kama anayetafuta dalili za kiharusi.
Tano. Mungu wangu, sita.

"Mwalimu," akasema Bachuki, akiliambia dawati,
"nne si inaizidi tatu?
Mbona robo ndiyo imepungua?"

Miaka thelathini na minne nimetembea na jibu hilo mfukoni
na sikumbuki mtoto aliyewahi kuliomba.
Ulimi ulikuwa umeshanyanyuka.
Nikaumeza.
Nikapanda kiti, nikaishusha kamera,
nikamkabidhi. "Tuonyeshe."
Nutsa akatoa mkate wa mahindi wa mama yake.

Video aliyoipiga inatetemeka, nusu yake ni dari.
Kuna kisu, kuna chengachenga,
kuna vidole vya watu watatu vinavyogombea ganda la juu.
Anakuja wa nne. Wanaanza upya na mkate wa pili,
wanapima kwa rula, wanatukanana kwa upendo.
Na nyuma ya picha, sauti yake, chini chini,
haimwambii mtu yeyote:
"Kumbe nne ni walaji.
Nne si mkate."

Darasa la chini yao sasa wanaitazama video hiyo.
Wanacheka pale ganda linapoanguka,
wanaomba irudiwe, kisha wananyamaza peke yao.
Mimi hukaa nyuma, kwenye kabati la ramani,
kwa sababu kuna mahali, pembeni, kwa kufumba na kufumbua,
kamera inampitia mwanamke mmoja
amejiziba mdomo kwa kiganja
kama aliyeletewa habari ya msiba.

Hakuna msiba.
Anahesabu.
Amefika saba.